Ujiandikishe Daraja Gani? Ugumu na Madaraja Katika Triali ya Pikipiki

Fomu ya kujiandikisha kwenye shindano la klabu ya triali huko Uingereza haina mambo mengi: jina, leseni, aina ya pikipiki, namba ya simu ya ndugu likitokea la kutokea. Kinachowakwamisha wageni ni kisanduku kimoja tu, cha daraja. Klabu moja inaandika wataalamu, wa kati na wapya. Jirani yake inaandika njia ngumu, nusu kwa nusu, njia rahisi. Ya tatu haina majina kabisa, ina rangi. Aliyezoea rangi ya buluu kwenye klabu yake akienda kwa jirani na kujiandikisha buluu kwa mazoea, anaweza kukuta mshale wa buluu unamwelekeza kwenye mwamba unaomfika kifuani.

Msomaji ambaye hajawahi kuuona mchezo huu asitarajie mbio. Triali ni kuendesha pikipiki polepole mahali ambapo hata mbuzi angejifikiria mara mbili: kijito chenye mawe, mteremko wa matope, mizizi, magenge. Njia hukatwa vipande vifupi, kila kimoja kina utepe pembeni, kibao cha kuanzia na kibao cha kumalizia, na kando yake amesimama mwangalizi anayehesabu miguu. Ukipita bila kugusa chini hupewi pointi yoyote, umepita safi. Mguu ukigusa mara moja ni pointi 1, mara mbili ni 2, mara tatu na kuendelea ni 3, hata kama umepiga kasia kwa miguu yote tangu mwanzo hadi mwisho. Ukianguka, ukitoka nje ya utepe au ukishindwa kufika kibao cha mwisho, unakula tano. Pointi ni za adhabu, kwa hiyo mwenye chache ndiye mshindi.

Pikipiki yenyewe haina siti ya kukalia. Uzito wake ni kama kilo 70, wakati pikipiki za bodaboda tulizozizoea hupita kilo 100. Tairi la nyuma hujazwa upepo wa psi 4 au 5 tu, likawa laini kiasi cha kulibonyeza kwa kidole, ili likumbatie mawe badala ya kuyaruka. Gia ya kwanza ni fupi mno hivi kwamba mtu anaweza kukutangulia kwa miguu bila kukimbia.

Wengi waliosikia habari za triali wameiona kwenye video za Toni Bou, Mhispania ambaye hadi mwaka 2024 alikuwa amekusanya mataji 36 ya dunia, 18 ya nje na 18 ya ukumbini, bila kukosa hata mwaka mmoja tangu 2007. Ni raha kumtazama akiparamia mwamba mrefu kuliko yeye. Lakini video hizo zinampotosha anayetaka kuanza, maana zinamfanya adhani madaraja ni urefu wa miamba: mgeni atapewa mdogo, fundi atapewa mkubwa, na kati yao kuna ngazi ya kupanda taratibu. Sivyo.

Kinachotenganisha daraja na daraja, kwa maoni yangu, ni tatu. Namaanisha ile pointi 3. Kwenye njia rahisi, mambo yakikuharibikia katikati ya kipande, unateremsha miguu, unapiga kasia, unajikokota hadi kibao cha mwisho na kuondoka na 3. Kwenye njia ngumu nafasi hiyo imeondolewa. Ukikabili genge la wima, ama gurudumu la mbele limefika juu na la nyuma likalifuata, ama umerudi chini na pikipiki yako. Hakuna mahali pa kuweka mguu, na kama papo hapasaidii. Hapo matokeo ni sifuri au tano. Ndiyo maana namwambia kila anayeniuliza: daraja lako ni lile ambalo ukikosea bado tatu inapatikana. Kama kila kosa linazaa tano, umepanda mapema. Kama hukosei kabisa, umechelewa.

Tuangalie kipande kimoja kwa karibu, cha aina inayopatikana kwa wingi kwenye vilima vya Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Kijito chembamba kinashuka kati ya kingo mbili za udongo. Maji yanafika kwenye kifundo cha mguu, mawe yameota ukoga wa kijani na yanateleza kama sabuni. Njia tatu zimewekwa humo humo, kila moja ina mishale ya rangi yake.

Ya rahisi inaingia majini, inapanda na kijito mita kumi hivi moja kwa moja, kisha inatoka kushoto mahali ambapo ukingo umelala. Ukiteleza utaweka mguu kwenye maji, utalowa, utaendelea. Ya kati inaingia pale pale, lakini mshale wa pili unakulazimisha utoke majini nusu njia, uzunguke mti mmoja kwa usukani uliokunjwa hadi mwisho wake, kisha ushuke tena kijitoni juu ya mzizi ulioinama. Mawe ni yale yale ya njia rahisi. Kilichoongezeka ni kona, na kona iko kwenye ubavu wa kilima, kwa hiyo pikipiki inataka kuangukia upande wa bonde, upande ambao mguu wako haufiki chini. Ya ngumu inakata kulia kutoka majini na kukabili genge la mawe. Genge lenyewe si la kutisha sana. Mtu wa daraja la kati angeweza kulipanda kama angepata mita tano za kujiandaa. Hapewi. Mpangaji wa kipande ameweka mshale mahali ambapo kona inamalizika mita mbili tu kabla ya ukuta, na mita hizo mbili ni za mawe yenye ukoga.

Hapo ndipo ustadi wa mpangaji ulipo, na ndipo mgeni anapodanganyika. Yeye hulitazama jiwe, akasema "hilo naliweza". Ugumu haumo kwenye jiwe, umo kwenye hatua mbili za kabla yake: unafika ukiwa umenyooka au umepinda, gurudumu la nyuma limekanyaga kitu kikavu au kinachoteleza, una nafasi ya kuachia klachi au huna. Kwa hiyo ukikagua kipande kwa miguu kabla ya kuanza (inaruhusiwa, tena ndiyo desturi), anza kukitazama kutokea mwisho kurudi nyuma. Kizuizi kikubwa kiko wapi? Nitakifikia nikiwa mkao gani? Nikishindwa, nitaangukia wapi? Swali la tatu likikosa jibu zuri kwenye vipande viwili au vitatu, rudi kwenye meza ya kujiandikisha uombe kushuka daraja kabla ya kuanza. Hakuna atakayekucheka. Wanaochekwa ni wale wanaosubiri hadi mzunguko wa kwanza uishe ndipo waende kuomba, maana klabu nyingi hazikubali kubadilisha daraja katikati ya shindano.

Ujuzi unaohitajika nao hubadilika aina, hauongezeki kiasi tu. Njia rahisi inataka vitu viwili: kusimama kwenye vikanyagio muda wote, na kuitawala klachi kwa kidole kimoja ili pikipiki isogee kwa mwendo wa konokono bila kuzima. Njia ya kati inaongeza kugeuka mahali pembamba kwenye ubavu wa kilima, na kuinyanyua mbele kidogo ili gurudumu litue juu ya gogo badala ya kuligonga. Njia ngumu inataka mtu awe anaweza kuipandisha pikipiki nzima kwenye ukuta kwa mchapo mmoja wa klachi na shokapu, na mara nyingine kuirusha mbele au nyuma ikasogea kwa kuruka huku imesimama. Hii ya mwisho haijifunzwi kwa kukaa miaka mingi kwenye njia ya kati; inajifunzwa pembeni, siku za mazoezi, kwenye jiwe moja dogo lisilo na utepe.

Na kuna sheria. Baadhi ya mashindano huruhusu pikipiki kusimama kidogo bila adhabu, ilimradi mguu haujagusa. Mengine hayaruhusu kusimama kabisa, magurudumu yakiacha kwenda mbele umekula tano. Kipande kile kile kinaweza kuwa cha wa kati chini ya sheria moja na cha fundi chini ya nyingine. Anayejua kusimama na kuruka ruka ili ajipange upya hunufaika na sheria ya kwanza. Anayetegemea mwendo na usawa wa mwili huona afadhali ile ya pili, kwa sababu hata wapangaji huweka njia zinazotiririka wakijua hakuna kusimama. Kabla ya kulinganisha daraja la klabu moja na la nyingine, uliza kwanza sheria.

Halafu mvua. Yorkshire, Wales, Uskochi: kuvaa koti la mvua ni sehemu ya mchezo. Mlima wa udongo ambao mwezi wa Julai ulikuwa wa kupanda huku unapiga soga, mwezi wa Februari unakuwa tano kwa nusu ya walioingia. Daraja ulilolichagua kiangazi si kiapo.

Kwa nini lakini njia ziwe nyingi hivyo? Zamani haikuwa hivi. Shindano la Siku Sita la Uskochi, lenye makao yake Fort William chini ya mlima Ben Nevis, lina asili ya mwaka 1909, na mpaka leo kila aliyeingia anapita mishale ile ile: vipande 30 kwa siku, siku sita, na kati ya kipande na kipande kuna safari ndefu za nyikani. Bingwa na mstaafu anayetimiza ndoto yake wanakutana na mawe yale yale. Tofauti yao huonekana mwishoni, mmoja akiwa na pointi chache na mwingine mamia. Hilo linawezekana kwa sababu vipande vyake vimepangwa ili tatu ipatikane karibu kila mahali.

Mambo yalianza kuachana pikipiki zilipopungua uzito. Sammy Miller, mzaliwa wa Ireland Kaskazini aliyetawala triali ya Uingereza miaka ya 1960, alishinda shindano hilo la Uskochi kwa pikipiki ya Ariel, nzito, ya Kiingereza, kisha mwaka 1965 akashinda tena kwa Bultaco nyepesi ya Kihispania ambayo yeye mwenyewe alisaidia kuitengeneza. Pikipiki nyepesi iliwafanya wapangaji waongeze ugumu. Baadaye wakaja vijana waliokulia kwenye triali ya baiskeli, akina Jordi Tarrés aliyetwaa taji lake la kwanza la dunia mwaka 1987, wakaleta mbinu ya kuruka na kusimama mahali pamoja. Ugumu wa ngazi za juu ukapaa. Mwanachama wa kawaida wa klabu, fundi bomba anayecheza Jumapili na Jumatatu asubuhi anatakiwa kazini akiwa na viungo vyote, hangeweza kuwafuata. Klabu zikapasua kipande kimoja njia mbili, tatu, nne, ili fundi bomba na kijana wa ubingwa waendelee kushindana siku moja kwenye kijito kimoja. Madaraja si cheti cha hadhi. Ni njia ya klabu kuendelea kuwa na wanachama.

Tukija kwenye hesabu, karatasi ya pointi ni mshauri bora kuliko rafiki. Shindano la kawaida la klabu lina vipande 10 kwa mizunguko 4, yaani majaribio 40, na aliyeshindwa kila kitu atakuwa na 200. Wageni hutazama jumla tu. Jumla inaficha.

Waendeshaji wawili wamemaliza na pointi 40 kila mmoja. Wa kwanza amepita safi mara 32 na kula tano mara 8, zote kwenye kipande cha 7 na cha 9, mizunguko yote minne. Wa pili amepita safi mara 16, amepata moja mara 16 na tatu mara 8, hana tano hata moja. Kwenye matokeo wamefungana. Ila wa pili yuko daraja lake hasa: anakosea, anajiokoa, ana pointi nyingi za kupunguza bila kubadilisha chochote ila utulivu. Wa kwanza amelizidi daraja kwa sehemu kubwa, lakini kuna ujuzi mmoja au miwili hana kabisa. Akipanda kabla ya kuutafuta, vipande vya 7 na 9 vitakuwa ndiyo vipande vyote. Aende akajifunze kitu hicho kimoja, kisha apande.

Mwendeshaji wa tatu ana 140: tano mara 25, tatu mara 5, safi mara 10. Huyu ashuke wiki ijayo bila kuona haya. Ameanguka au kushindwa mara 25 kwa siku moja, na kuanguka kunachosha kuliko kuendesha. Wa nne ana pointi 7. Huyu hahitaji ushauri, anahitaji kusukumwa.

Tazama pia mizunguko mmoja mmoja. Mtu aliyepata 18, kisha 9, kisha 6, kisha 12 anasimulia habari yote: mzunguko wa kwanza alikuwa haijui njia, wa pili na wa tatu akaijua, wa nne mikono ikaisha nguvu. Daraja linamfaa, mazoezi ya mwili ndiyo madogo. Lakini anayepata 12, 15, 20, 28 alikuwa amechoka tangu kipande cha nne, na uchovu ndani ya njia iliyo juu ya uwezo ndio unaovunja viwiko. Triali haina kasi ya kuua kirahisi, hilo ni kweli. Pikipiki ya kilo 70 ikikurudia kutoka juu ya genge haijali.

Kuhusu wanaojificha chini, kila klabu inawajua. Kuna yule anayeshinda njia rahisi mwezi hadi mwezi, kabati la vikombe limejaa, na ukimgusia suala la kupanda anakumbuka goti lake linauma. Klabu nyingi zina kanuni ya kumpandisha aliyeshinda mara kadhaa, na nyingine zinamwacha acheze lakini bila kumpa nafasi kwenye orodha ya tuzo. Mimi nawaonea huruma zaidi kidogo kuliko wengine wanavyowaonea. Mtu wa miaka 62 mwenye bega lililofungwa vyuma ana haki ya njia rahisi hata kama anapita safi kila mahali. Ndiyo maana klabu zikaweka madaraja ya umri, waliovuka 40, waliovuka 50 na kuendelea. Nisiyemwelewa ni kijana wa miaka 25 anayefanya hivyo.

Kwa aliye katikati kuna suluhisho zuri, lile la nusu kwa nusu: vipande vitano unapita njia ngumu, vitano rahisi, na klabu ndiyo inayokupangia vipi ni vipi. Ni daraja linalodharauliwa bila sababu. Linakupa magenge machache kwa siku ukiwa bado na nguvu, na kati yake unapumzika kwenye njia unayoiweza. Kama ningelazimika kumwandikisha mtu nisiyemjua lakini mwenye mwaka mmoja wa mazoezi, ningemweka hapo.

Pikipiki za kale zina madaraja yao, za kabla ya 1965 na zile za shokapu mbili za nyuma, na humo kosa la kawaida ni kudhani chombo cha zamani kinamaanisha njia nyepesi. Breki zake ni za ngoma, zinashika zinapotaka, na hakuna kuruka. Fundi wa njia ya kati akipanda Bultaco ya 1975 ashuke njia ngazi moja. Watoto ni suala jingine, madaraja yao yanafuata umri na ukubwa wa injini, na wadogo kabisa huanza na pikipiki za umeme. Mzazi hachagui mengi.

Neno kwa wasomaji wa huko nyumbani waliohamia Ulaya na wanaamini miaka kumi ya bodaboda kwenye matope ya Kisii au Rungwe inawapa tiketi ya daraja la kati. Usawa wa mwili mnao, tena wa kuonewa wivu. Lakini mazoea matatu yatawagharimu: kukaa, kutumia mwendo kuvuka pabaya, na kutanguliza mguu chini pikipiki ikitikisika. Bodaboda anaweka mguu mapema kwa sababu ana abiria na gunia nyuma, na ni busara. Kwenye triali kila mguu ni pointi. Anzeni njia rahisi shindano moja au mawili, mtapanda haraka kuliko Waingereza.

Na kama kisanduku cha daraja bado kinakutia wasiwasi, usikijaze. Mwambie mwandikishaji unaomba kuwa mwangalizi siku hiyo. Waangalizi ni watu wa kujitolea na hawatoshi kamwe, kwa hiyo utapokelewa kwa mikono miwili, utapewa karatasi, kalamu isiyofutwa na mvua, pengine na mkate wenye nyama. Utasimama kwenye kipande kimoja kutwa nzima, kila daraja likipita mbele yako mara nne. Chukua daraja unalolitamani na utazame miguu ya waliomo: wanaoiweka wanaiweka wapi, na ni wangapi wanaoanguka kabla hawajapata hata nafasi ya kuiweka.